Kumi na nane yako, Papa Bauma

Papa Bauma,

Usishituke, iko mie Jospin, mwanafunzi wako, sasa fundi mukubwa wa gitare wa Mushaki. Ndiyo, mukubwa. Tangu tukuzike nimebakia peke yangu, nani atanibishia?

Muke wako Mama Riziki alitaka kupangisha atelie kwa muchuuzi wa fromaji, ile jibini ya maziwa. Fromaji, Papa! Pale mbao zako zinakaukia! Nikamwambia angoje, nitamaliza ile gitare kubwa ya sauti nzito korali ya kanisa ya Kingi ilikuagiza. Akasema: «Wakiikamata, unabakia. Wakiikataa, nipe kifunguo.»

Mie na kichwa yangu, nikakamata gitare yako ndogo, nikapima nafasi za vile vyuma kidole kinakanyagia, nikaziweka vilevile ku shingo ya ile kubwa. Nikaipeleka Kingi kifua mbele. Korali ikaimba, gitare ikaenda njia yake. Mama mumoja akaniuliza: «We kijana, hii iko gitare ao ngombe inazaa?» Nikajibu: «Mama, hata ngombe inaanzaka kwa kulia.» Bakacheka mpaka kukaa chini. Bakanipa mpaka siku ya Mungu ya kufuata niitengeneze.

Sikukaa, Papa. Natoka, narudia, nashika randa, naiacha. Njo ikanirudilia ile maneno ulikuwa unasema nami napiga mluzi: «Gawa urefu wa kamba kwa kumi na nane, weka chuma pale sehemu ya kwanza inaishia. Ile inabakia, gawa tena. Ile inabakia, we mupumbavu wangu!» Nilizania unaniletea tu lile darasa la hesabu nilikimbia utoto. Kumbe kila shingo iko na nafasi zake, na zinapunguka polepole kuelekea tumbo ya gitare. Nikang'oa vyuma vyote, nikagawa ku telefone, nikavirudisha, nikapiga.

Papa. Ikasema.

Baliikamata! Mwenye fromaji ameenda kutafuta nyumba ingine. Nipigie makofi.

Lakini situlii. Prof wa matematike mwenye anaimba tenor kule Kingi alisikiliza noti za juu, akasema sauti yao iko chini kidogo. Eti kumi na nane iko ya karibu tu. Ya kweli iko kumi na saba, nukta, na mukia murefu wa tarakimu. Eti kuna bantu kazi yao njo hiyo, muziki na hesabu pamoja, na banaishi nayo. Nikamwambia: «Prof, hata Mushaki tulikuwa na mumoja.» Nikamubishia sana, kwa jina yako. Kisha nikapima. Prof iko na haki.

Ulijua? Kama ulijua, sababu gani haukuniambia? Na kama haukujua… basi niko na kitu wewe hauna, na siko na muntu wa kumutambia. Nilitaka kukimbia mpaka ku mulango nikipiga kelele: «Leo nimekukamata, muzee!» unitupie kipande ya mbao. Naingia, naokota vipande vya mbao peke yangu.

Lala muzuri, Papa. Kesho naanza masomo ya hesabu kwa prof, nitakaa ku benchi moja na batoto benye banafika ku kiuno yangu. Bacheke. Gitare ya kwanza nitakata na ile hesabu yake, nitaipigia pale ku kaburi yako. Ukisikia kosa, unitukane vile unajua. Ukinyamaza, nitasema nimekushinda, na sitafurahi.

Jospin wako