Mgeni Katika Kibanja cha Miwani

Bukoba, 3 Machi 2025

Kwako Tata,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza maumivu. Mimi ni mzima, ingawa kazi inanichosha hadi macho. Naandika kwa sababu wewe hukata simu kila ninapoanza hoja ya pili.

Miwani ya uhalisia pepe niliyokuvisha Jumapili haikuwa ya kukuburudisha tu. Kazi yangu ofisini ni kupima jinsi mchezaji anavyozama katika mchezo: anatazama wapi, anagusa nini, anatenda kwa hiari au anangoja muda uishe. Nilikuingiza katika kibanja cha migomba iliyostawi, panga mkononi, mkungu uliokomaa mbele yako. Hukuukata. Ulisimama ukingoni mpaka nikakuvua. Hata vijana wa sekondari wasiojua kushika jembe walikushinda.

Utasema kipimo hakina moyo. Nakubali, ndiyo maana hakina upendeleo. Tangu ugonjwa wa mnyauko utulazimishe kung'oa migomba yetu, nimekusihi upande upya, nawe hujibu, "Tutaona." Sasa nimeona. Ile miche safi niliyokuombea kwenye kituo cha utafiti cha Maruku nimeiachia familia nyingine. Sitaki kukubebesha kilichokwisha moyoni mwako.

Mwanao,
Mutembei

Kishanda, 19 Machi 2025

Mwanangu Mutembei,

Marahaba. Goti lipo, linatangaza mvua kabla ya redio. Mama yako anauliza kama unakula.

Umeandika vizuri, kama hakimu. Sasa msikilize mshtakiwa.

Kibanja kile kilikuwa cha nani? Nilibisha hodi; ulisikia, ukacheka. Nikamngoja mwenyewe atoke. Tangu lini mtu akaingia kibanja cha mwenzake na kukata mkungu bila kukaribishwa? Hao vijana wako, wangefanya hivyo hapa Kishanda, tungewaita wezi.

Migomba niliitazama, waitu, mwanangu. Niliutazama mmoja tu, kwa kuwa ulifanana na ule uliokuwa karibu na mlango wetu. Na mashimo nimekwisha kuyachimba. Ndiyo yaliyoniumiza goti. Nilinyamaza nikitaka miche ikifika uyakute tayari.

Tata yako,
Kagaruki

Bukoba, 2 Aprili 2025

Tata,

Shikamoo, na pole ya goti, ambalo sasa najua chanzo chake.

Kipimo hakikudanganya: hukusogea. Ni mimi niliyejipa mamlaka ya kukisemea. Lakini nawe, Tata, neno moja kuhusu mashimo lingetosha.

Nimeifuata ile familia. Miche wamekwisha kuipanda, nami siwezi kuing'oa katika ardhi ya watu. Maruku wanasema ningoje msimu mwingine. Nimemweleza mkuu wangu kwamba taarifa yangu juu ya wazee, niliyoijenga kwa kipimo chako, haifai. Tangu hapo hanisemeshi. Nimechoka. Natamani kuja, lakini nitakuja mikono mitupu.

Mwanao,
Mutembei

Kishanda, 9 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, goti ni lile lile.

Mvua imejaza udongo mashimoni. Yanataka kuchimbuliwa upya kabla ya msimu huo mwingine, nami siwezi kuinama. Mikono mitupu ndiyo inayoshika jembe.

Liko nyuma ya mlango. Ukifika, usisimame ukingoni. Huku hubishi hodi.

Tata