Barabara Iliyopita Juu ya Maji

Riverdale, Jumapili, mwisho wa Machi 1986

Daftari langu, mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua ya Maryland isiyo na haraka, inanyesha mpaka uchoke wewe. Uwani tope tupu. Moyoni mwangu hali ni hiyo hiyo.

Usinicheke. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu kwa miaka mingi, na mimi si mtu wa kunyamaza. Muulize yeyote hapa kwenye barabara yetu ya Route One: akitaka kujua Rotterdam kuna nini au Bombay wanakula nini, anamjia nani? Shule niliiacha darasa la nne, lakini dunia nimeisoma ukurasa kwa ukurasa. Teksi yangu pale Washington imebeba mabalozi watatu, na mmoja wao alikuwa analia.

Dunia yote nimeisoma, isipokuwa Uskoti.

Mwezi wa sita mimi na Bi Mwanaisha tunatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Binti yetu Swafiya, aliye karani kule Greenbelt kwa wale watu wa mambo ya anga, ametununulia tiketi za ndege mpaka Glasgow, na gari la kukodi la siku saba. Hakuuliza tunataka kwenda wapi. Mama yake akishaitaja Maka, safari ya pili anayoitaja ni Uskoti. Ni hivyo tangu Swafiya hajazaliwa.

Na kosa ni langu.

Alipokuwa na mimba ya Swafiya, daktari alimlaza kitandani miezi mitatu, asinyanyue hata sufuria. Tulikuwa tunakaa chumba cha chini kabisa, nusu kimezama ardhini, dirisha moja, na nje theluji. Hana mama, hana dada, hana jirani wa kumwambia hujambo. Alikuwa akilia kimya kimya akidhani simwoni. Basi nikirudi kazini napika wali, unaungua chini (nisidanganye, na juu pia ulikuwa unaungua), halafu nakaa ukingoni mwa kitanda namsimulia jinsi nilivyozunguka pwani ya Uskoti wiki nzima ndani ya lori la samaki.

Nilimpa barabara nyembamba za gari moja, madereva wakipishana wanainua kidole kimoja juu ya usukani, na hiyo ndiyo salamu. Nilimpa kondoo wanaolala katikati ya lami kwa sababu ina joto. Nilimpa bibi mmoja aliyeniingiza jikoni kwake, akanipa maziwa ya moto, akaning'ang'ania nivue soksi zikauke. Na nilimpa ufuo wa mchanga mweupe, maji ya kijani, ungeapa uko kwetu Mombasa, mpaka utie mguu.

Hapo alicheka. Wiki ngapi zilikuwa zimepita hajacheka.

"Mwongo wewe! Mchanga mweupe, Ulaya?"

Nikamwapia. Halafu akaniambia, "Kesho niendelezee." Nikaendeleza mpaka mtoto akazaliwa.

Hizo siku nazitamani, daftari. Hatukuwa na kitu, hata kiti cha pili hatukuwa nacho. Lakini tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza vile.

Leo baada ya chakula cha mchana tukatandaza ramani mezani. Bi Mwanaisha kavaa miwani yake ya kushonea. Swafiya kasimama nyuma yetu. Mimi nina rula na penseli, nahodha mzima. Nikachora. Glasgow mpaka Oban. Oban mpaka Mallaig, mstari mmoja, saa moja. Mallaig mpaka Ullapool, saa mbili; tukisimama kula sambusa, saa mbili na nusu.

Swafiya akainama. Kiswahili anakisikia vizuri, ila majibu yake yote ni ya Kimarekani.

"Daddy, that's water."

"Maji wapi?"

Akaweka kidole. Maji.

Mama yake akasogeza miwani. Yeye ni mshonaji, mtu wa kupima kabla ya kukata. Akachukua uzi mwekundu kwenye kikebe chake, akaulaza juu ya barabara yenyewe, polepole, akiubana kwa kucha kila kona. Bahari ya kule inaingia nchi kavu kama vidole, na barabara inabidi izunguke kidole baada ya kidole. Uzi ukaenda, ukarudi, ukazunguka, ukaisha kabla hatujafika Mallaig.

"Baba Swafiya," akasema, "hili lori lako la samaki lilikuwa na makasia?"

Swafiya alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikacheka kuwashinda wote, maana mwenye hatia ndiye hucheka sana. Bi Mwanaisha hakucheka.

"Usiku wa kwanza mlilala mji gani?"

"Oban."

"Na kutoka hapo mkapita wapi?"

Nikamwambia upande wangu lori halikuwa na dirisha.

Daftari, miaka yote hii ya kusema uongo, na hilo ndilo bora nililoweza kupata!

Swafiya alipokwenda zake, nikamwambia mama yake ukweli. Sikuupanga. Ulitoka tu.

Mimi Uskoti sijaikanyaga. Nimeiona. Nimepita mbele yake mara nyingi nikiwa baharia wa sitahani, naijua mnara wa taa kwa mnara wa taa, kama mtu anayeijua nyumba ya jirani kwa uwani tu. Baharia akitaka kutoka Oban kwenda Mallaig hafikirii barabara. Nilichokichora kwa rula ni njia ya meli.

Nilipofika Glasgow mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Viatu vya kuazima, nywele nimezipaka mafuta, nashuka nikauone mji. Getini mlinzi akaniuliza jambo. Sikuelewa hata neno. Nyuma yake naona barabara imelowa, watu wanapita upesi upesi, hakuna anayefanana nami. Nikashika kichwa kama mtu aliyesahau kofia, nikageuka, nikarudi melini.

Nilikuwa nimeivaa kofia.

Mara ya pili na ya tatu nilisema nina zamu. Watu wa mambo ya anga wamefika mwezini, na mimi geti la bandari lilinishinda.

Zile hadithi ni za Daugi, Mskoti niliyekuwa nikikwangua naye kutu sitahani miezi na miezi. Yeye ananisimulia kwao, mimi namsimulia mtaa wetu wa Kibokoni, biriani ya mama, na harusi zetu za siku saba. Kiingereza changu chote nimekipata kwake, ndiyo maana mabalozi hawanielewi. Pengine saa hizi naye yuko kwao anaapa kwamba alishawahi kula biriani kwa mama yangu. Ni halali yake, ale na ashibe.

Bi Mwanaisha alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja.

"Na yule bibi wa maziwa?"

"Yupo. Ni shangazi yake Daugi. Na soksi zilikuwa za Daugi."

Akainuka, akaingia jikoni. Nikasikia bomba linafunguliwa, sahani zinagongana, sahani ambazo Swafiya alishaziosha. Nikakaa na ramani yangu. Nilijua nimemfanyia nini. Alikuwa kitandani, hana pa kwenda, nami nikampeleka mahali ambako sijafika. Nikawa namngoja aje aseme hiyo safari haitaki tena.

Akarudi mikono inachuruzika maji.

"Miaka yote hii nimekuwa nikikuonea wivu," akasema. "Nilidhani umeyaona yote bila mimi."

Kuonewa wivu, nani? Mimi!

"Basi sikiliza. Utaendesha wewe. Ramani nitashika mimi. Na tukifika kwenye kona, usinambie mbele kuna nini. Hujui."

"Sijui," nikasema.

Neno hilo sidhani nimewahi kulitamka ndani ya nyumba hii.

Hajanisamehe, usije ukadhani. Chai ya jioni nimejipikia mwenyewe, na tangawizi sijui kaificha wapi. Lakini nimemwona anakunja ramani kwa kufuata mikunjo yake, taratibu, kama kitambaa atakachokitumia.

Sasa nimebaki na hofu moja. Kuendesha kushoto hakunitishi, Mombasa nilianzia huko huko. Hofu yangu ni hii: tutapinda kona, kitu kitatokea mbele yetu, mlima au bahari au sijui nini, naye atageuka aniangalie usoni. Robo karne ni mimi niliyekuwa nikimwangalia yeye akishangaa, na mimi nikijifanya nimeshazoea.

Hivi uso wangu huu bado unajua kushangaa?