Panya Niliowaficha

Mjukuu wangu Atieno,

Sote hapa Migosi tunakusalimu. Mama yako bado anauza nguo sokoni Kibuye. Mimi moyo umechoka na sitapona, lakini mkono bado unaandika.

Umeuliza, kwa utafiti wako wa chuoni, kama panya wanaweza kutufundisha kuhusu sepsisi, yaani maambukizi yanapoenea mwilini hadi viungo vishindwe kufanya kazi. Wanaweza. Ila nilipokuwa mtafiti kijana, niliwaambukiza na kuwapa dawa saa ileile, wakapona. Nikashangilia. Mama Awuor, aliyekuwa akisafisha vizimba, akacheka: "Daktari, panya wako wana bahati! Sisi tunameza kwanza dawa za dukani. Hospitali ni siku ya tatu."

Nilikasirika, lakini nikarudia jaribio kimyakimya, safari hii nikichelewesha dawa. Karibu wote walikufa. Nikachapisha habari za wale wa kwanza waliopona tu, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Kwa hiyo wacheleweshee dawa, Atieno, kama tunavyochelewa sisi. Wakifa, waandike. Na barua hii mwonyeshe profesa wako. Jina langu usilifute.

Babu yako akupendaye,
Odhiambo