Jiwe ya kijani ya koko Mwanahamisi

Germaine, nimeharibu kitu.

Unajua ile malakiti ya bibi yangu, koko Mwanahamisi, jiwe ya kijani yenye mistari kama mawimbi? Leo nilisafisha ile jiwe na ndimu ili ing'ae. Ndimu! Ikatoa povu, kisha rangi ikafifia kabisa.

Koko akaona. Akauliza tu: "Imepasuka?"

Nikamujibu: "Hapana, koko. Imepoteza tu mwangaza."

Akalia. Alors akanieleza jambo ambalo hakuna mutu alikuwa anajua. Mwaka wa 64, waasi walikuja hapa Kabondo kumukamata bwana yake, Zuberi. Alikuwa fundi wa kuchonga malakiti. Pale mulangoni Zuberi akamupa koko ile jiwe: "Hii inapasuka kama mwenyewe anakufa. Ikiwa nzima, mimi niko muzima."

Hakurudi.

Miaka sitini, Germaine! Kila asubuhi anaigusa. Mimi nilizani anapenda rangi tu!

Halafu akapanguza macho: "Bon. Haikupasuka. Donc Zuberi iko mugonjwa tu."

Sasa ametandika mukeka, anamuombea apone. Ameniita nikae karibu.

Nimeitikia "amina".