Siku Nilipogeuza Uso Kwenye Matete

Mama yangu,

Shikamoo. Najua anayekusomea ni Dada Bertha, kwa hiyo dada na wewe shikamoo, na tafadhali soma polepole, usiruke pale utakapoona panachosha. Macho yako yanaendeleaje, Mama, tangu upewe yale matone? Na mguu? Mvua zimeshika huko Newala, au bado mnatazama mawingu yakipita juu yenu kuelekea bondeni? Mimi ni mzima. Huku Ufini theluji inafika magotini na jua likitoka halikai. Kiwandani bado nipo palepale kwenye mashine ya kupasua mbao, na vidole vyangu kumi vyote ninavyo, usihofu.

Wiki ile uliniuliza kwenye simu Jumamosi mchana huwa naenda wapi mpaka sipokei. Nikakujibu, "Nacheza, Mama." Nilijua ulichofikiri: mtoto kaingia kwenye kamari. Sikuwa na maneno ya kukueleza siku ile. Leo ninayo, maana limetokea jambo linalokuhusu wewe mwenyewe.

Aliyenipeleka kwenye mchezo huo ni Tomasz, Mpolandi ninayefanya naye kazi. Unakumbuka nilivyokuwa mwaka wa kwanza: natoka kazini, napika, nalala, na wiki inakwisha bila mtu kuniita jina langu nje ya kiwanda. Siku moja akaniambia, "Faustini, Jumamosi njoo maktaba. Usilete kitu." Nikaenda.

Kule chumba cha nyuma kuna meza kubwa. Anayeongoza ni Oskar, mtunza maktaba, anayetembelea kiti cha magurudumu. Yeye anasimulia nchi ambayo haipo duniani, yenye majoka na wafalme, na kila mmoja wetu ana mtu wake ndani ya hadithi hiyo. Habari za mtu huyo tumeziandika kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, anachokiogopa. Oskar anasimulia, kisha anakata: "Mlango umefungwa, ndani mtu analia. Mnafanya nini?" Hapo hadithi inakuwa yetu. Ukisema unaruka ukuta, unarusha dadu yenye nyuso ishirini. Ikija vizuri umeruka, ikija vibaya umeanguka. Hakuna anayeweka hela mezani. Na si ramli, Mama, usije ukampelekea katekista habari nusu.

Kilichonistaajabisha miezi ile ya mwanzo ni kwamba hadithi ni moja, lakini hakuna aliyekuja kutafuta kile anachotafuta mwenzake. Tomasz anataka vita. Mtu wake anaitwa Borek, jitu la shoka, amekuwa naye miaka mpaka karatasi yake imeshikizwa kwa utepe wa gundi. Wengine wakianza maongezi marefu, Tomasz anakula soseji zake na kuuliza, "Adui wako wapi?" Halafu kuna Noora, binti anayesomea uhandisi. Yeye anapenda kanuni. Anachora ramani, anapima hatua, na dadu ikianguka sakafuni hakubali, irushwe tena. Halafu kuna Helmi, mwalimu mstaafu wa hesabu, bibi mpole ambaye sijawahi kusikia akipaza sauti. Mtu wake ni kasisi mlevi, mgomvi, mwenye matusi. Siku ya kwanza alipofungua mdomo kwa sauti ile nywele zilinisimama. Ni kama lipiko alivyokuwa akitoka kwenye ngoma tukiwa wadogo: unajua kabisa chini ya kinyago ni jirani yako, lakini unakimbia.

Mimi nilikuwa mpelelezi wa njia, mwenye upinde. Na kwa muda mrefu Oskar akiniuliza, "Faustini, unafanya nini?" jibu langu lilikuwa lile lile: "Nawafuata wenzangu."

Sasa sikiliza. Kabla ya Krismasi, kwenye hadithi, tulikuwa tunahamisha wanakijiji, wazee na akina mama na watoto, tuwavushe mto kabla jeshi la mfalme mbaya halijatufikia. Daraja lilikuwa bado mbali. Mimi nikatangulia peke yangu kukagua ukingo wa mto. Oskar akaniambia, "Kwenye matete kuna askari wa mfalme. Kijana. Ametumwa kuwapeleleza ninyi. Umemwona na amekuona. Mkuki wake umetumbukia majini, hana kitu mkononi. Mshale wako uko tayari kwenye upinde. Nyuma yako Borek anaita, 'Kuna mtu huko?' Unafanya nini?"

Mama, matete yale niliyajua.

Wewe unajua nilichokiona. Bibi alitusimulia mara ngapi? Yuko kwenye matete ya Ruvuma, upande ule wa Msumbiji, wakati wa vita vya Wareno, wewe uko mgongoni mwake, anakunyonyesha kwa kukuvuta kwapani ili usilie. Askari anatokea, Mwafrika mwenzake aliyevalishwa nguo za Wareno, bunduki mkononi. Wanatazamana. Askari wenzake wanampigia kelele, kuna nini huko? Naye anageuza uso na kuwajibu, "Hakuna kitu, ni kiboko tu." Usiku uleule Bibi akavuka mto kuja Tanzania.

Nimeisikia hadithi hiyo tangu sijajua kusoma, na siku zote niliisikia nikiwa ndani ya matete, pamoja na Bibi na wewe. Sijawahi hata siku moja kusimama upande wa mwenye bunduki. Pale mezani ndipo niliposimama kwa mara ya kwanza. Nikajua alikuwa na sekunde chache tu. Nikajua wenzake walikuwa wanamsubiri ajibu. Na mbele yangu ilikuwa karatasi tu, Mama.

Nikasema, "Ninageuza uso. Ninamjibu Borek, hakuna mtu, ni mnyama tu."

Tomasz akapiga meza. "Ni mnyama gani? Sote tumesikia! Borek anakwenda kummaliza."

Noora akamzuia kwa kalamu. "Wewe umesikia. Borek hajasikia. Borek ameambiwa ni mnyama. Kanuni ni kanuni."

"Yule atatuletea jeshi!"

"Huenda," Oskar akasema. Akarusha dadu yake mbele yetu sote, bila kuificha. Ikaja moja, namba mbaya kuliko zote. Chumba kizima kikaelewa: askari yule amekwenda kusema.

Tomasz akasimama, akavaa koti. Akaniambia, "Tunakuja hapa tushinde pamoja. Wewe umetuuza." Akatoka. Wiki nzima kiwandani alikula meza nyingine. Mtu pekee aliyenipokea kwenye nchi hii! Nilikaribia kwenda kumwomba msamaha, lakini kila nikijaribu kusema nilikosea, ulimi ulikataa.

Jumamosi iliyofuata alikuja, akakaa bila kunisalimia. Jeshi likatokea wakati wanakijiji wako katikati ya daraja. Noora akahesabu, akahesabu tena, akasema, "Hawatawahi kuvuka wote. Labda mtu azuie njia."

Tomasz akasema, "Borek anabaki."

Noora akamwonyesha kwenye ramani: akipigana kidogo kisha akaruka mtoni, kuna nafasi ya kupona. Tomasz akatikisa kichwa. "Akiruka mapema, watoto watafikiwa. Anabaki."

Alirusha dadu, na kurusha, na kurusha. Mama, sijui nikuelezeje. Mtu aliyekuwa anapiga kelele za furaha kila adui anapoanguka, siku ile alirusha kimya, uso umemwiva. Kila raundi aliyosimama, Oskar alitaja nani amevuka: bibi mwenye mbuzi, wale mapacha, kipofu na mkewe. Kasisi wa Helmi, ambaye hajawahi kumwita Borek kwa jina lolote isipokuwa matusi, alisimama ng'ambo, na Helmi kwa sauti ileile mbaya ya kilevi akasoma baraka ya wanaokufa, na machozi yanamtoka. Noora aliacha kuhesabu. Mtu wa mwisho alipokanyaga ng'ambo, Borek akaanguka.

Tomasz alikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa shati.

Nilimkuta nje, anafuta theluji kwenye kioo cha gari. Nikamwambia, "Nisamehe. Ni mimi niliyemuua Borek."

Hakugeuka. "Kwa nini ulimwacha yule kijana? Niambie kweli."

Nikamsimulia yote, matete, Bibi, kiboko. Akaacha kufuta kioo.

"Na mtoto wa mgongoni?" akauliza.

"Ndiye mama yangu."

Tomasz akavua kofia, Mama, kwenye baridi ile ambayo masikio yanaweza kukatika. Akasema, "Msalimie sana. Mwambie salamu zinatoka kwa Tomasz."

Basi salamu zake hizo hapo. Sasa ana mtu mpya, dada yake Borek. Nilidhani atakuwa mpole. Ana mashoka mawili.

Na mimi tangu hapo namfikiria yule askari wa Ruvuma. Nilimchukulia kama sehemu ya hadithi, kama matete na maji. Hatukuuliza hata jina. Walimgundua? Alirudi kwao? Bibi aliwahi kukuambia uso wake ulikuwaje? Chochote unachokumbuka kutoka kwake niandikie, hata kama ni kidogo.

Jambo la mwisho. Oskar anaingia hospitali kufanyiwa upasuaji, na ameniomba niongoze hadithi mpaka apone. Mimi! Nimeamua watafika kwenye nchi ya juu, ya mikorosho, kama kwetu, ambako ukisimama ukingoni unaona bonde lote chini lakini maji huna.

Nisalimie Mjomba, na salfa ya mikorosho asipulizie bila kitambaa puani. Nisalimie Shemeji na watoto. Mama Mdogo wa Chilangala mwambie mihogo yake mikavu niliyokuja nayo niliila mpaka unga wa mwisho. Katekista msomee ile sehemu ya kasisi wa Helmi, lakini matusi msimtajie.

Na wewe, Mama, nijibu hili: pale kwenye foleni ya maji, alfajiri, wanawake mkikaa na ndoo, huwa mnaongea nini? Nilikuwa mtoto wa kiume, mlikuwa mkinifukuza nikacheze. Jumamosi watu watakaa mezani waniulize wanawake wa nchi ile wanasema nini, na nataka niwajibu kweli.

Mwanao,
Faustini