Askari Aliyeomba Kanga

Mchumba wangu Neema,

Marahaba, mjukuu wangu. Shikamoo yako imenifikia hapa Manyoni, kwenye kambi ya wajenzi wa barabara. Mwili umechoka lakini nakula vizuri. Bibi yako kule Nduguti ameshavuna alizeti, na yule mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniuliza kwa nini chuo cha polisi kinawafundisha kuzuia damu kama manesi, wakati wewe ulikwenda kujifunza kukamata wezi.

Nilipokuwa kijana nilianguka pale Misigiri kutoka juu ya lori la vitunguu, bati la ubavuni mwake likanichana paja. Watu walijaa, lakini wote walisema, "Msimguse mpaka askari aje!" Waliogopa kwenda kuhojiwa kituoni. Damu nayo haikuwa inamsubiri askari.

Askari alikuja akikimbia. Hakuniuliza hata jina. Alipiga magoti vumbini na suruali yake iliyonyooka, akamgeukia mama mmoja.

"Mama, nipe hiyo kanga."

"Afande, hii ni ya kanisani!"

"Kanga utapata nyingine. Huyu hana damu nyingine."

Akaikunja, akaikandamiza kwenye kidonda, wala hakuiachia mpaka hospitali.

Baada ya hapo, akipita sokoni watu hawakutawanyika tena. Hata muuza gongo alimsalimia, ingawa alificha chupa kwanza.

Kwa hiyo jifunze kukandamiza vizuri, usione kinyaa. Mguu ule ndio ninaokanyagia koleo hapa leo, na ndio utakaonileta kwenye gwaride lenu la kumaliza mafunzo.

Babu yako anayekupenda,
Mzee Yona