Namba Uliyoniambia Nisiiguse

Ciru,

Nimeigusa. Naanza na hilo kwa sababu ungeliuliza kabla hata ya salamu.

Tangu tukuzike, ile programu yako ya zamu imeendelea kufanya kazi kiwandani kana kwamba hukwenda popote. Mama yako na wenzake wanatazama tu kwenye simu wajue wiki ijayo wanaingia asubuhi au alasiri, bila kudamka kwenda kusukumana mbele ya ubao wa matangazo. Lakini mwezi huu kiwanda kiliongeza zamu ya nne. Msimamizi akasema programu isipoijua kufikia Jumatatu, wanarudi kwa karatasi. Mama yako alinipigia huku Ruiru. "Wanataka kuitoa," alisema, kama mtu anayeambiwa mtoto wake ahame nyumbani.

Nikafungua laptopu yetu ya siku zile tukiishi Juja, ile iliyong'oka kitufe cha N. Nikaandika zamu ya nne. Kompaila, huyo mtafsiri anayegeuza Java yetu iwe kitu ambacho mashine inaelewa, akafika katikati akaanguka. Kumbukumbu ilikuwa imemwishia. Nilijua pa kwenda: kwenye skripti ya kujenga programu, mstari ule ule. Megabaiti 256, na juu yake maneno yako: "Usiguse. Nipigie kwanza."

Unakumbuka tulivyogombana kwa ajili ya namba hiyo? Mimi nilitaka kompaila apewe karibu kumbukumbu yote ya laptopu. Ulipotoka kununua mahindi ya kuchoma nikampa, na mashine ikaganda na kazi yako ya siku nzima ndani. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Profesa, mgeni mmoja hapewi sufuria nzima." Ukamtenga kompaila, ukampa sahani yake mwenyewe, hiyo 256, kisha ukaandika lile onyo. Lilikuwa langu, najua.

Safari hii nilitii kupita kiasi. Niliongeza kumbukumbu kwenye faili nyingine, ya chombo kinachoendesha ujenzi wote. Ikaanguka. Nikaongeza tena. Ikaanguka. Ciru, nilijua. Sahani ya kompaila iko kando, wewe mwenyewe ulinieleza, na mimi nilikuwa najaza sahani ya mwingine ili nisifute namba uliyoichapa kwa vidole vyako. Jumamosi, saa nane mchana, nguo ziko kwenye kamba, na mimi nalia kwa sababu ya megabaiti.

Halafu nikakupigia. Kwa namba yako. Sijui nilitarajia nini.

Mama yako alishika. Kumbe simu yako anaichaji kila siku, na hakuwahi kuniambia. Nilijaribu kumweleza mambo ya kumbukumbu, akanikatiza. "Kairitu, msichana wangu, hicho kitu ukikibadilisha kiharibike, kinaweza kurudishwa?" Nikamwambia kinarudishwa. "Basi gusa," akasema. "Na umekula?"

Sikuwa nimekula.

Niliandika 768. Si zaidi, nimejifunza. Ikajenga mpaka mwisho bila kulalamika, nami nikabaki nikiitazama skrini kama mjinga. Jumatatu mama yako alisoma zamu yake akiwa jikoni Makongeni, akanitumia ujumbe: "Naingia alasiri. Nimerudi kulala." Ungecheka. Ni kwa ajili ya usingizi huo uliianza programu yenyewe.

Ile 256 imeondoka, na bado inaniuma. Onyo lako nimeliacha lilivyo. Chini yake nimeongeza mstari mmoja tu: "Nilipiga. Mama alishika."

Pumzika, rafiki yangu. Kila nitakapotaka kuugusa mstari ule, nitapiga namba yako kwanza. Na siku nikiwa sina cha kubadilisha nitapiga vilevile, niulizwe kama nimekula.

Wako,
Profesa